Ruhusa ya Kuchoka

Mwanangu Doto,

Salamu naziruka, maana nakusikia chumba cha pili unafunga zipu ya begi, unaifungua, unaifunga tena. Mama yako amekwisha kukwambia habari za soksi za sufu, dawa ya kikohozi na namna ya kukaa na watu. Amesema vizuri, na amesema mara nyingi, kwa hiyo hapo sitaongeza. Mimi nimekaa na kalamu kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kulisema kwa mdomo wiki nzima, na kesho kituo cha basi si mahali pake.

Jumapili mlikuwa uani wewe na binamu yako Neema, mnapepeta mchele. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nafunga mbuzi. Neema akakuuliza, "Sasa huko chuo na hayo mazoezi, utaweza vyote? Mbona wenzako kimoja tu kinawatoa jasho?"

Ukamjibu, "Lazima niweze. Masomo ni ya Kulwa, mbio ni zangu. Nikiacha kimoja, si nitakuwa nimemwacha mmoja wetu?"

"We naye! Utapasuka kama kiroba," Neema akasema, mkacheka wote wawili.

Mimi nilibaki nimeshika kamba mpaka mbuzi akanivuta. Barua hii inatokana na jibu hilo.

Mchezo wenyewe bado siuelewi sawasawa. Triathloni ya baridi: mtu anakimbia juu ya theluji, anaendesha baiskeli juu ya theluji, kisha anavaa skii na kuteleza juu ya theluji hiyo hiyo. Nilipokuuliza kwa nini wasisubiri iyeyuke kwanza, ulicheka mpaka ukakaa chini. Kocha wako alikuja Kahama kumtembelea kaka yake aliyekuwa na kazi migodini, akakuona kwenye mashindano ya baiskeli, akarudi kwao Norwei na jina lako. Tangu hapo amekufundisha kwa simu. Halafu akakutumia zile skii za magurudumu, na watu wa mtaa wetu wa Nyasubi wakapata la kuzungumza.

Asubuhi ya kwanza ulipotoka nazo kwenye lami ya kwenda Ushirombo, nilikufuata nyuma kwa baiskeli. Vijana wa bodaboda walikuwa wamepanga foleni pale kijiweni.

"Doto! Baiskeli imeibwa wakakuachia magurudumu?"

"Wameniachia na fimbo," ukawajibu. "Ukisogea nakuchapa."

Mbele kidogo tukakutana na mzee anayechunga ng'ombe. Alikusimamisha kwa kuinua mkono kama askari wa barabarani, akakusalimu kwa Kisukuma kama mwanawe.

"Mwangaluka, ng'wana wane."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Fimbo mbili za nini, na ng'ombe huna?"

Ukamweleza kwamba unajifunza kutembea kwenye theluji. Mzee akatazama juu, akatazama lami ilivyokuwa inametameta kwa joto, kisha akanigeukia mimi. "Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi mpeleke kivulini."

Siku ile ulianguka, goti likatoka damu. Ukalipangusa kwa kiganja, ukaendelea. Nami nikaendelea nyuma yako, nikiwa najivunia. Sikukuuliza kama linauma.

Kocha anasema miguu yako ni ya ajabu. Mimi najua ilikotoka. Ilitoka kwenye ile baiskeli nyeusi yenye keria ya chuma. Kulwa alizaliwa na sikoseli, wewe ukazaliwa baada yake huna. Tangu mlipoanza shule, pacha wako hakuweza kutembea mwendo ule bila kuumwa viungo, na ulipopata urefu wa kufikia pedali ukawa unampakia. Kwenda na kurudi, jua na mvua. Alikuwa anakushika kiuno kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kitabu, anakusomea kwa sauti. Mkipita kwenye mashimo, neno lilikuwa linakatika vipande: usa... nisi... nuru. Wanawake wa gengeni waliwazoea. Walikuwa wanasema, "Redio hiyo inapita." Yeye alisoma kwa macho, wewe ulisoma kwa masikio, na mitihani mlifaulu wote.

Nakumbuka pia alivyopenda kunusa daftari jipya kabla ya kuandika jina. Na alivyokuwa akikukemea ukiweka kikombe juu ya kitabu chake. Wewe ulikuwa unakiweka makusudi.

Kulwa alifariki mkiwa kidato cha tatu. Nilikuwepo. Nalisema hilo kwa sababu wapo watu wanaodhani nilikuwa machimboni. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda hospitalini, mkono wangu uko juu ya mguu wake, na mama yako alikuwa ametoka kufuata uji. Kulwa akasema, "Baba, nimechoka." Nikamwambia, "Pumzika, mama." Maneno hayo tulikuwa tukiambiana kila siku, kwa hiyo sikujua kwamba safari ile yalikuwa ya mwisho. Mama yako aliporudi, uji ulikuwa bado wa moto.

Baada ya maziko, shangazi yako alikushika mabega mbele ya watu. "Sasa wewe ndiye Kulwa, wewe ndiye Doto. Umesikia?" Ukanitazama mimi, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Shangazi alikuwa anakufariji, na mimi nilikuwa nakubaliana na faraja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Lakini wewe ulikuwa mtoto, na ulidhani umepewa kazi.

Kisha sisi wenyewe tukakuongezea. Bibi yako alitufundisha tangu mkiwa wachanga kwamba pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa Kulwa, mpe na Doto, hata kama Doto amelala, hata kama Doto hataki. Tulishika hivyo mpaka ikawa ndiyo mikono yetu. Kulwa alipoondoka, mikono haikujua kununua kimoja. Shule ilipokaribia kufunguliwa mama yako alikwenda sokoni akarudi na sketi mbili. Akaziweka mezani, akazitazama muda mrefu, halafu akakupa zote mbili. Mimi nami nilifanya vivyo hivyo kwa madaftari, kwa kalamu, kwa mayai ya kuchemsha. Vyote viwili viwili, vyote kwako. Ulivipokea. Mtoto gani atakataa yai la pili?

Pamoja na mayai ulipokea na mengine ambayo hatukuyaona. Ulianza kuamka mapema kusoma baiolojia ya Kulwa, wewe ambaye ulikuwa unapenda ufundi na ramani. Ukishaisoma unatoka kukimbia. Ukirudi kutoka shule unapanda baiskeli, ukishuka unarudi kwenye kitabu. Walimu wakatupongeza. Nilisema moyoni mwangu, mtoto huyu ana nguvu za watu wawili. Nilifurahi hivyo kwa miaka.

Nilipaswa kuwa wa kwanza kuona, maana mimi mwenyewe nilikwisha kushindwa na jambo la namna hiyo. Mlikuwa wadogo sana, hamtakumbuka. Nilikuwa na majaruba ya mpunga huku nyumbani, na nilikuwa na nafasi kwenye duara kule Rwamgasa, shimo la dhahabu tulilochimba kwa kikundi. Mwaka ule mvua zilianza vizuri, miche kitaluni ikawa tayari kupandikizwa. Wakati ule ule shimoni tukauona mwamba unabadilika rangi. Kila mchimbaji anajua maana yake: huondoki. Asiyekuwepo siku mwamba unapofunguka hana la kusema viroba vya mawe vinapogawanywa. Na kila mkulima anajua kwamba miche haimsubiri mtu.

Basi nikawa natembea kati ya sehemu hizo mbili. Nikifika Rwamgasa nashuka shimoni, lakini kila anayeshuka baada yangu namuuliza kama upande wa Kahama wingu limefunga. Nikifika shambani naingia kwenye tope, lakini simu naitoa mfukoni kila nikinyoosha mgongo. Masanja, aliyekuwa msimamizi wetu pale duarani, alichoka nami. Siku moja akanisemesha mbele ya wenzangu, amekaa juu ya gogo la matimba, yale ya kuzuia kuta za shimo, anakula muhogo.

"Baba Kulwa, ukiwa huku unauliza mvua. Ukiwa kule unapiga simu kuuliza mwamba. Lini utakuwa mahali?"

"Mkuu, nitaviweza vyote."

"Hata mwenye wake wawili," akasema, "usiku analala nyumba moja."

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na maji. Nilicheka nao, kisha nikapanda baiskeli nikaondoka kwenda kupandikiza. Miche niliikuta imezeeka kitaluni, imeshafanya vifundo. Niliporudi Rwamgasa mwamba ulikuwa umefunguka na kwenye kamba yangu alikuwa ameshika mtu mwingine. Masanja hakunisimanga. Alinipa muhogo tu.

Kwa muda mrefu nilieleza habari hiyo kana kwamba kazi zilinizidi. Si kweli. Nguvu za kuchimba nilikuwa nazo, na za kulima nilikuwa nazo. Kilichonishinda ni kukubali kwamba msimu ule mmoja ningeacha kimoja. Ningeacha shimo, tungekula wali wetu. Ningeacha mpunga, labda tungejenga mapema. Nilikataa kuchagua, nikaona kukataa huko ndiyo bidii.

Yote hayo niliyajua. Ndipo ikaja ile siku ya mashindano ya baiskeli, wiki ambayo ulikuwa na mitihani ya majaribio ya kidato cha sita.

Unakumbuka umati ulivyokuwa. Ngoma zinapigwa, watu wamepanda juu ya malori ya mpunga ili waone. Mlipopita mara ya kwanza ulikuwa mbele, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mara ya pili kundi likapita, wewe haumo. Nikachukua baiskeli ya mtu nikarudi njia ile mliyotokea. Nikakukuta umekaa kando ya lami, karibu na mama mmoja anayechoma mahindi. Baiskeli umeilaza vizuri kwenye nyasi, kofia umeiweka juu yake.

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Pancha?"

"Hapana, baba."

"Mnyororo?"

"Baiskeli ni nzima."

Yule mama wa mahindi akadakia, "Mwache mtoto avute pumzi. Kaniomba maji tu, hata hindi nimempa bure kakataa."

"Sasa kuna nini?" nikakuuliza.

Ukasema, "Nimechoka."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kwako. Nyumbani kwetu kuchoka kulikuwa kwa Kulwa. Kulwa akisema amechoka, mama yako anaacha chungu, mimi naacha nyundo, wewe unakimbia kuleta maji, redio inazimwa. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa lazima. Lakini katika kumsikiliza yeye, tulizoea kuamini kwamba mwenye afya hachoki. Hatukuwahi kulisema hilo kwa sauti, na wewe ulilielewa vizuri kuliko kama tungelisema.

Na mimi, badala ya kukaa chini pale kwenye nyasi, nilikujibu, "Wenzako hawajafika mbali."

Ulinitazama. Hukukasirika, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo. Uliinuka, ukavaa kofia, ukapanda. Ulimaliza katikati ya kundi na watu wakanipa mkono, wakasema binti yako ana moyo. Nilipopita tena kwa yule mama, alinitazama mara moja, akageuza mahindi yake.

Nimekuwa nikitafuta kama yupo hata mmoja katika nyumba yetu aliyewahi kukuuliza kama umechoka. Nimempata mmoja. Ilikuwa asubuhi, mko darasa la sita au la saba, mimi natoka kisimani na sikuwa mbali nanyi. Nilisikia kitabu kinasomwa, kisha kimya.

"Doto, umechoka?"

"Kidogo."

"Simama basi. Na mimi sauti imechoka."

Mkashuka mkakaa kwenye kalavati, mnaning'iniza miguu, hamzungumzi. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba mtachelewa. Sijui kwa nini sikupiga. Baadaye mkaondoka, na redio ikaendelea.

Aliyekuuliza ni yeye, ambaye alikuwa anaumwa. Kwa hiyo ukimwambia Neema kwamba ukiacha kimoja utakuwa umemwacha Kulwa, mimi sioni hivyo. Kulwa alitaka kuwa daktari kwa sababu yeye, Kulwa, alitaka. Sikumsikia hata siku moja akisema kwamba asipofika, Doto amalizie. Hilo tulilisema sisi, watu wazima tuliokuwa na huzuni na hatukujua mahali pa kuiweka. Tukaiweka juu yako kwa sababu ulikuwa na mgongo imara. Leo naiondoa. Najua siwezi kuiondoa kwa barua moja, lakini ni lazima mtu aanze, na aliyeitikia kwa kichwa nilikuwa mimi.

Kama utaweza vyote viwili, viweze. Kocha anasema wako wanafunzi wengi wa namna hiyo kule kwao Norwei: wanatoka kwenye theluji alfajiri, wanaingia darasani nywele bado mbichi. Huenda ukawa mmoja wao, na huenda ukavipenda vyote, nami nitafurahi. Lakini ukiona muhula umekuzidi, pumzisha skii. Ukiona baiolojia si yako, waulize wana masomo gani mengine, chuo si duka la bidhaa moja. Ukiona ni mwili unaokataa mbio, usikie mwili. Najua nafasi yako pale chuoni imeshikamana na mchezo, kwamba kuacha kimoja huenda kukakutoa kabisa. Hata hilo nimelifikiria. Ukirudi, utarudi. Watu wa Nyasubi watakusema mpaka wapate la mtu mwingine, na wewe unajua hawachelewi kupata. Mama yako nimemweleza. Alikuwa anakunja shuka. Alipomaliza akalikunjua, akalikunja upya, akasema, "Arudi tu. Chumba chake kitakuwepo." Usidhani ilikuwa rahisi kwake.

Na ukichoka siku ya kawaida tu, hujashindwa na lolote, huna homa, hujafeli, umechoka kama mtu anavyochoka, piga simu useme hivyo. Sitakwambia wenzako wako wapi. Nitakuuliza umekula nini. Pengine sitajua cha kuongeza, tutasikilizana tukipumua, na vocha itaisha. Si kitu.

Kesho hatutazungumza haya. Kwenye basi mama yako atalia, mimi nitajifanya nabishana na kondakta juu ya begi. Soma hii ukiwa umeshafika mbali.

Nimebakiza moja. Hapa kwetu huwezi kutaja jina lako mtu akanyamaza. Muuza duka, mwalimu mgeni, nesi, abiria wa siti ya jirani, wote wanauliza pale pale, "Na Kulwa yuko wapi?" Hawana kosa, kila mtu anajua Doto hazaliwi peke yake. Nimekuona unavyojibu. Kwanza unatabasamu ili muulizaji asijisikie vibaya, kisha unamwambia, kisha unamfariji yeye. Umefanya hivyo tangu kidato cha tatu, na mimi nikiwa nimesimama karibu.

Huko uendako hawajui. Utasema unaitwa Doto, nao wataandika Doto, basi, wataendelea na mtu anayefuata. Siku ukitaka kuwaambia habari za Kulwa, waambie kwa raha yako. Siku usipotaka, kaa kimya, hutakuwa umemkana. Tangu uzaliwe hujapata mahali pa kuwa peke yako katika jina lako. Nenda ukapaone.

Baba yako